Katekista Aliyehesabu Ndege kwa Macho ya Watu

Katekista wetu hakuweza kutofautisha mwewe na kunguru kwa hatua hamsini, na bado katika maisha yangu yote ya kilimo sijakutana na mtu aliyejua habari za ndege kama yeye. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja. Upande wa pili aliufunga kwa uzi wa katani uliozunguka sikio. Ukimwonyesha ndege juu ya mti, alitazama kwa adabu upande ule ule uliomwonyesha, kisha akakuuliza wewe: "Haya, anafanya nini?" Mwanzoni nilidhani ananitania. Kumbe ndivyo kazi yake ilivyokuwa, na hakuwa na njia nyingine ya kuifanya.

Nilipelekwa Mpimbwe mwanzoni mwa miaka ya tisini, siku ambazo Katavi lilikuwa jina la mbuga tu na sisi sote tulikuwa Mkoa wa Rukwa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, baiskeli ya serikali na cheo cha bibi shamba, kwa hiyo wazee walioshika jembe kabla mama yangu hajazaliwa walikuwa wakisimama njiani kuniita Bibi. Katekista peke yake alinipokea kwa swali. "Bibi Shamba, umekuja kutufundisha au kutuuliza?" Nikajibu kwamba nimekuja kufundisha. Akasema, "Sawa, karibu, wa kutufundisha tunao wengi." Nilimchukia wiki nzima.

Chuki ile iliisha Jumapili. Padre alifika kigangoni mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Jumapili nyingine ibada iliongozwa na katekista, na baada ya baraka yalifuata matangazo. Matangazo ya kigango kile yalikuwa na mpangilio usiobadilika: kwanza ndoa, halafu wagonjwa, halafu zamu ya kufagia kanisa, halafu ndege. Sikuamini masikio yangu. Watu waliokuwa wakisinzia tangu mahubiri waliamka. Katekista akafungua kauntabuku lenye jalada gumu, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia karatasi, akasema, "Haya. Nani ameona?"

Wakaanza kutoka mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kukomunika. Mama mmoja alikuwa ameona yangeyange wanne, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, kwenye mpunga wake, wanameza panzi. Mzee mmoja ameona kunguru akichimbua funza kwenye shina la hindi. Kila aliyefika mezani aliulizwa maswali matatu: umeona wapi, alikuwa anakula nini, na umejuaje kwamba ni hicho alichokula. Kurasa za daftari zilipigwa mstari katikati. Kushoto aliandika Nimeona, kulia Nimeambiwa. Aliyesimulia habari ya jirani yake aliwekwa kulia bila kubembelezwa, hata kama jirani mwenyewe alikuwa amekaa benchi la pili. "Mwache aje mwenyewe," alisema. "Miguu anayo."

Alikuwa mkali kwenye hilo kuliko alivyokuwa mkali kwenye amri kumi. Nakumbuka bwana mmoja alisimama na kusema yangeyange hula wadudu shambani kwake kila siku.

"Jana ulikuwa shambani?" katekista akauliza.

"Jana nilikuwa msibani."

"Basi si kila siku. Nikuandikie siku ngapi?"

Watu wakacheka, na yule bwana akahesabu kwa vidole, akafika siku tatu. Zikaandikwa tatu. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kutaja kila siku, wala siku zote, wala ndege wote. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wataalamu tangu wakati ule, na nakiri nimesikia "siku zote" nyingi ambazo zisingepita kwenye meza ile.

Usidhani alikuwa mtu wa kuwaonea ndege huruma. Mpunga ulipoanza kutia maziwa na kwelea kwelea wakashuka, aliacha rozari juu ya meza na kukimbilia jaruba lake kupiga debe, akiwatukana ndege wale kwa Kipimbwe maneno ambayo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Kanga alimpenda sana, ila kwenye sufuria. Nilimuuliza inakuwaje mtu anayewaandika ndege kwa heshima hivi anawala bila hata kusita. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nimesema wanafanya kazi," akasema. "Sijasema ni ndugu zangu."

Hata kula kwake kulikuwa na faida. Kila aliyechinja kanga au kwale pale kijijini aliambiwa asitupe firigisi wala kile kifuko cha shingoni kabla hajavileta. Katekista alivipasua juu ya jani la mgomba, akatenga kwa kijiti: mbegu huku, wadudu huku, visivyojulikana huku. Hapo macho yake yalitosha, maana aliweza kuvisogeza mpaka vikagusa miwani. Mke wake alilalamika kwamba nyumba yake imekuwa bucha ya vitumbo. Lakini niliwahi kumwona mama huyo huyo jikoni, mwenyewe, akihesabu mchwa waliotoka kwa kwale kabla hajamkaanga, na midomo ikichezacheza.

Kwake, kwenda Mpanda mjini ilikuwa safari ya siku mbili kwa lori, na alikwenda mara moja kwa mwaka kununua kauntabuku mbili pale sokoni Kashaulili. Huko alikutana na warina asali wa Ugalla waliokuja kuuza, nao wakamshitakia ndege aitwaye keremkerem, kwamba anawamaliza nyuki. Wakadhani atamtetea. Hakumtetea. Alirudi ameandika habari zao ukurasa mzima, upande wa kulia kwa sababu hakuziona yeye wala mtu wa kigango, na chini yake swali: "Nyuki tu? Au na nyigu?" Mwaka uliofuata alikwenda kuwauliza. Mrina asali mmoja alikuwa amemvizia keremkerem mchana kutwa kwa ajili ya swali lile, na jibu lilikuwa na nyigu pia.

Ofisi ya wilaya ilinipa fomu ya kujaza kila mwezi. Ilikuwa na safu ya wadudu waharibifu na safu ya ndege waharibifu. Ndege wasaidizi hawakuwa na safu. Katekista aliichukua, akaisoma yote, akanirudishia. "Hii imeandikwa na mshitaki," akasema. "Shahidi hana nafasi." Tangu siku ile nikawa nageuza fomu na kujaza nyuma. Hakuna aliyenijibu kwa muda mrefu, mpaka mtaalamu mmoja wa wadudu aliyekuwa akipita wilayani akaomba kuona hizo habari zinatoka wapi. Nilimpeleka. Alisoma madaftari mchana wote, chai ikapoa mbele yake, na njiani tukirudi aliniambia kwamba maisha yake yote ya utafiti ametumia macho mawili na pengine ya msaidizi mmoja. Mimi nilikuwa nimeshalizoea jambo lile, na ghafla nikaliona lilivyo kubwa.

Kulikuwa na imani moja iliyomsumbua katekista kuliko zote. Watu waliamini korongo ndio wanaoleta viwavijeshi. Haikuwa imani ya kipumbavu: mvua ikinyesha baada ya jua kali, asubuhi unakuta viwavi shambani, na juu yao korongo weusi wenye matumbo meupe wakitembea. Wamekuja pamoja, kwa hiyo mmoja amemleta mwingine. Watu waliwapiga mawe. Katekista hakuwahubiria. Aliongeza swali la nne kwenye meza yake: nani ulimwona kwanza? Akauliza hivyo misimu mitatu. Kila msimu viwavi walionekana kwanza. Baada yao wakaja korongo wachache, na siku mbili tatu baadaye wakaja wengi. Aliyasoma hayo kanisani bila neno la kuongeza. Mawe yalipungua, ingawa hayakuisha.

Ng'ambo ya mto, wakati huo, walikuwa wameanza kuhamia Wasukuma na ng'ombe wao. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, lakini pale mwenyeji hakuona kupona kokote, aliona ng'ombe ndani ya mahindi. Maneno yalikuwa mabaya. Katikati ya maneno hayo kulikuwa na mwanamke mmoja wa kwao, Mama Kulwa, aliyekuwa akivuka mto Jumapili ibada ikiisha na kusimama nje ya dirisha la kanisa. Hakuwa Mkristo wala hakutaka kuwa. Alileta habari za yangeyange, kwa sababu hakuna anayewaona yangeyange kama mtu anayeshinda nyuma ya ng'ombe. Katekista alitoka nje na daftari lake, akaandika upande wa kushoto, akarudi ndani. Baadhi ya waumini walinung'unika kwamba huyo mama anaandikiwa ili apate mlango wa kuingilia. Katekista alijifanya hasikii, ingawa masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Sasa nifike kwenye mwaka wa viwavijeshi. Mahindi yalikuwa magotini. Walijaa ndani ya siku mbili tu, na ukisimama shambani ulisikia wakitafuna, sauti ndogo isiyokoma. Nilikwenda mjini nikarudi na dawa na mabomba mawili ya mgongoni. Dawa ile ingetosha mashamba ya juu, au mashamba ya bondeni karibu na mto, si yote. Nilijua kwamba upande nitakaouacha utalala njaa mpaka mwaka mwingine, na uamuzi ulikuwa wangu. Watu wa bondeni walikuwa wengi, na mahindi yao yalikuwa mazuri zaidi. Nikaamua bondeni.

Jumatatu alfajiri, nikichanganya maji ya kwanza, katekista akaja akihema. Watu walikuwa wamekusanyika. Akasema mbele yao wote, "Bibi Shamba, peleka dawa juu. Bondeni waachie korongo. Wako ng'ambo, wengi, hawahesabiki. Nimeona kwa macho yangu."

Yule mtu aliyekuwa akiwakatalia watu "siku zote" na "kila siku", akisema "nimeona", amesema. Mzee mmoja wa bondeni akaniuliza taratibu, "Na wasipovuka, Bibi, tutakula nini na watoto?" Nilipaswa kustuka, mimi niliyejua kwamba macho ya katekista hayavuki hata uwanja wa kanisa. Sikustuka. Niliogopa tu, nikabeba bomba, nikaanza kupanda juu, na ukipiga dawa siku nzima huku unawaza bonde lililo nyuma yako, siku haina mwisho. Siku ya kwanza hakuna ndege aliyevuka. Usiku ule watu wa bondeni hawakunijibu salamu.

Siku ya pili, jua likiwa limepanda kidogo, walivuka. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia asubuhi ile na sijawahi kuridhika. Anga lilijaa kutoka upande wa mto, na hawakupiga kelele. Walishuka kwenye mahindi, wakajipanga, wakaanza kutembea mbele pamoja kama watu wa kiwili, majirani waliokusanyika kusaidiana kupalilia, kila mmoja na mstari wake, vichwa vikishuka na kupanda. Yangeyange walifuata nyuma kuokota waliobaki, na juu yao mwewe wakizunguka. Kilichosikika ni midomo tu, maelfu ya midomo ikiwa kazini. Mwanamke mmoja kando yangu alipiga magoti kwenye tope. Mimi nililia, tena waziwazi, na sioni aibu kusema. Kijiji kizima kilikuja kikasimama kando ya njia kutazama, na hakuna aliyeokota jiwe.

Njia hiyo ilipita ubavuni mwa shamba la katekista. Korongo walifanya kazi bonde lote mpaka jioni ya siku ya tatu, lakini pale watu waliposimama hawakutua. Hakuna aliyelifikiria hilo, wala yeye. Shamba lake ndilo pekee bondeni lililoliwa mpaka kwenye mabua. Jumapili alilisoma kwenye matangazo kwa sauti ile ile: "Shamba la katekista. Korongo hawakutua, watu walisimama karibu. Limeliwa." Mwaka ule alilishwa na majirani, na alikula bila kujidai wala kujidhili. Nami nilimheshimu mpaka nikawa naogopa kumtania.

Nilihamishiwa mjini baadaye, nikapanga chumba mtaa wa Shanwe, nikapata mume, watoto na ofisi yenye dirisha. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nikapata ujumbe kupitia dereva wa lori: katekista anakuita, njoo na kalamu. Nilifika Jumamosi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, miwani ameshaiacha maana haikuwa na la kumsaidia tena. Alinitambua kwa mlio wa baiskeli, niliyokuwa nimeipakia kwenye lori. Tukasalimiana, akaulizia watoto, kisha akaniambia nifungue daftari la mwaka wa viwavi, nitafute Jumatatu ile.

Nikasoma: "Korongo ng'ambo ya mto, wengi, hawahesabiki. Ameona katekista." Ilikuwa upande wa kushoto.

"Sikuona," akasema.

Nikarudia kuusoma mstari ule kwa kidole.

"Nani wa kuona, mimi? Alikuja Mama Kulwa Jumapili jioni, akaniambia. Lakini ng'ombe wake walikuwa wanakula ng'ambo pale, na dawa ikipigwa bondeni ingepeperuka mpaka kwenye majani ya malisho. Ningesema ameona yeye, wangesema anatetea ng'ombe. Na wewe ungesema hivyo, Bibi Shamba."

Nilifikiri kukataa, nikashindwa. Ningesema hivyo.

"Nikachukua macho yake nikayafanya yangu," akaendelea. "Miaka yote nawafukuza watu upande wa kulia, halafu mimi nikakaa kushoto kwa uongo. Sitaki kufa kitabu kikiwa hivyo. Kesho nitasema. Wewe utaandika, mimi sioni mstari."

Nikamwambia watu watamdharau, kwamba bonde lilipona, kwamba haya hayana maana tena. Akasema kwa upole kwamba hakuniitia ushauri, ameniitia kalamu.

Jumapili, baada ya ndoa na wagonjwa na zamu ya kufagia, alisimama akiwa ameshika ukingo wa meza, akasema yote kama alivyoniambia mimi. Hakujitetea. Alikuwa amemtumia Mama Kulwa ujumbe naye akaja, amesimama palepale nje ya dirisha, mikono juu ya kizingiti. Nikapiga mstari juu ya jina la katekista, nikaanza kuandika la yule mama.

"Ngoja," Mama Kulwa akasema kutoka dirishani. "Umeandika ngapi?"

"Hawahesabiki," nikasoma.

"Hapana. Mimi nilihesabu. Ile ndege ilikuwa ishirini."

Niliacha mahindi ya bonde zima kwa ajili ya korongo ishirini. Nilimgeukia katekista.

"Ni kweli," akasema. "Aliniambia ishirini. Lakini kitabu kilisema wachache hutangulia, wengi hufuata. Misimu mitatu, Bibi Shamba, watu wote hawa waliona hivyo."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Kwa watu wanaoona mahindi yao yanaliwa? Kitabu ni nani?"

Nikafuta hawahesabiki, nikaandika ishirini, na jina la aliyeona. Mama Kulwa hakujua kusoma, akaniambia nimsomee. Nikamsomea mara mbili, polepole. Akaitikia kwa kichwa.

"Hapo sawa," akasema. "Maana mimi ile siku mbili sikulala. Nilikuwa nasema, wakija hao ishirini tu, watoto wa kule bondeni watakula nini."

Katekista aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Na mimi, mayu," akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Na mimi sikulala."